Mbio za Levo ya 20

Nyumbani kwetu Tabata kompyuta ni moja, wanaoitaka ni wanne, na mlipa umeme ni mimi. Shemeji alipotangaza mashindano likizo ya Desemba 2023, nilikubali kwa sharti kwamba mimi ndiye jaji, na kwamba ratiba ya zamu nitaiandika mwenyewe na kuibandika ukutani pembeni ya kalenda ya msikiti, mahali ambapo hakuna mtu anayethubutu kuchora-chora.

Gemu lenyewe ni World of Warcraft, lile lililotoka 2004, likabadilika sana, kisha wenyewe wakalirudisha katika sura yake ya zamani Agosti 2019 kwa jina la Classic. Shemeji hakuridhika na Classic ya kawaida. Alituingiza kwenye seva za Hardcore, zilizofunguliwa tarehe 24 Agosti mwaka uleule wa 2023, ambako mhusika akifa amekufa. Rufaa haikuwepo wakati ule, hata kama kilichokuua ni mtandao na si adui. Levo ya mwisho ni 60, na mtu mwenye kazi zake anaweza kuisotea miezi; tukakubaliana sisi tuishie 20. Mshindi angepata kiti cha mbele ya feni. Wa mwisho angeosha vyombo vyote vya nyumba mpaka shule zifunguliwe.

Kabla ya kuanza, kila mchezaji huchagua kazi ya mhusika wake, na akishachagua habadilishi. Shughuli hiyo ilifanyika sebuleni baada ya chakula cha usiku, ikawa sawasawa na siku ya kuchagua kombi za kidato cha tano: kila mtu alijua vizuri kabisa kombi inayomfaa mwenzake.

Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, alikuja na ushahidi. Akasema mtu wa kwanza duniani kufika 60 katika Classic ni Jokerd, Mmalta, aliyefika chini ya siku nne tangu milango ifunguliwe, tena akiwa mchawi wa kabila la nomi, vile vijitu vifupi vyenye masikio makubwa. Akatueleza siri yake. Mchawi hagombani na adui mmoja mmoja. Anakimbia akichokoza kumi, kumi na tano, anawagandisha miguu kwa barafu, anasogea nyuma, kisha anawapiga wote kwa pamoja mpaka wanaanguka pamoja. Maji ya kunywa na mkate anajitengenezea mwenyewe, bure.

Nilimwuliza, kwa nafasi yangu ya ujaji, hiyo mvua ya barafu inayoua umati anafundishwa lini.

"Levo ya 20, baba."

"Na mashindano yanaisha levo gani?"

Akanitazama kwa huruma. Hapo ndipo orodha za "kazi ya kupanda haraka" zinapowapoteza vijana wengi: mchawi ni mwepesi sana akishazipata silaha zake, lakini kabla ya hapo ni kijana mwenye kanzu nyembamba anayepigana mara mbili na kukaa chini kunywa maji. Mwanangu aliandika "mchawi" kwenye ratiba, kwa wino.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alichagua mpiganaji. Hakuleta ushahidi, alileta kifua. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mpiganaji ndiye anayepanda polepole kuliko wote akiwa peke yake: hana dawa ya kujiponya zaidi ya bandeji, nguvu zake zinatokana na hasira, na hasira hiyo kila pambano linaanza ikiwa sifuri, halafu akikosa upanga mzuri hana maana. Faida yake ni kwamba kwenye makundi wote wanamhitaji asimame mbele apigwe. Nilimwambia. Akasema mwanaume hachagui kazi kwa kuangalia saa.

Kitinda mimba, binti wa darasa la sita, alitaka kuwa yule mwenye kuita mashetani. Kwa hesabu ya gemu hakukosea hata kidogo: kazi ile ni miongoni mwa zinazopanda haraka, maana kuanzia levo ya 10 unapewa jitu la kivuli la rangi ya samawati linalopigwa kwa niaba yako, wewe umesimama mbali unarusha laana. Lakini mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kutibiwa macho na akakaa, alikuwa anasikiliza.

"Linaitwaje hilo?"

"Ni kama jini, bibi. Linatumwa."

"Kwenye nyumba ninayosalia mimi?"

Basi, mada ikafungwa. Kazi ya pili kwa wepesi ikafutwa na bibi mwenye tasbihi, na mtoto akahamia kwa mwindaji, ambaye kwa maoni ya wengi ndiye wa kwanza. Mwindaji anapiga kwa mshale toka mbali, na mbele yake yupo mnyama aliyemfuga anayekaba adui. Akiumizwa mnyama, mwenyewe ni mzima. Hakai chini kila mara kunywa maji. Tatizo lake ni la nyumbani: ana mtu wa kulisha.

Wa nne ni Mama Watoto. Alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi ya kesho yake, ambayo huyauza kituo cha daladala, akapaza sauti kuuliza ni kazi gani inayoweza kuchezwa kwa mkono mmoja. Shemeji akacheka, akasema paladini: unaupaka upanga baraka, unabofya mara moja, mhusika anapiga mwenyewe, wewe unangoja. Inachosha, wanaiona ya polepole, watu wanasinzia. Mama akasema, "Niandike hiyo. Na zamu yangu iwe baada ya saa tano usiku."

Wiki ya kwanza ilitawaliwa na suala la nguruwe.

Binti alimchagua mama mfupi wa milimani mwenye misuli, kwa hiyo akaanzia Dun Morogh, nchi ya theluji. Mwindaji akifika levo ya 10 hupewa majaribio matatu ya kufuga, na kule majaribio hayo ni nguruwe mwitu, chui wa theluji na dubu. Ukimaliza unajifugia unayemtaka. Kaka yake akamshauri achukue nguruwe, na ushauri ulikuwa mzuri, maana nguruwe anakula nyama, samaki, mkate, jibini, matunda, hata uyoga. Huhangaiki na chakula. Binti alikuwa ameshaanza kumfuga, ile alama ya kuhesabu inakwenda, Bibi akapita nyuma yake na kikombe cha chai ya tangawizi.

Sitaandika yote aliyoyasema. Kompyuta ilifunikwa kwa kanga mpaka baada ya Isha. Kikao kikaitishwa. Binti alijitetea kwamba wa kwenye kioo hana harufu wala nyama. Bibi akajibu kwamba hata jini lile halikuwa na nyama, na tulilikataa. Chui akapendekezwa, mama yangu akauliza anakula nini, akaambiwa nyama na samaki tu, akasema mnyama wa kuchagua chakula atawatia umaskini. Akabaki dubu. Dubu naye hula karibu kila kitu, sawa na nguruwe, na hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Bibi akampa jina mwenyewe: Kibonge.

Tangu hapo mama yangu akawa hasikii la mtu. Macho aliyokuja kutibiwa Dar es Salaam yakawa yanaona vizuri sana alama ndogo ya uso pembeni ya picha ya dubu, ile inayoonyesha hali yake: kijani amefurahi, njano yupo yupo, nyekundu ana kinyongo. Mnyama mwenye furaha anang'ata kwa asilimia 125 ya nguvu zake. Mwenye kinyongo anashuka mpaka 75, na akiendelea kununa siku moja anakukimbia. "Mtoto hajala huyo," Bibi anasema toka kwenye mkeka, na mjukuu anasimamisha vita, anatoa mkate.

Na hakuishia kwenye chakula. Usiku wa kwanza mjukuu alipotaka kuzima akiwa amesimama katikati ya msitu, Bibi alimzuia. Mtoto wa kike halali porini. Mrudishe nyumbani kwa watu. Binti akatembea mpaka Kharanos, akaingia kwenye nyumba ya wageni, ndipo akaruhusiwa kuzima. Ikawa sheria. Kaka yake alicheka kila usiku, yeye akizima popote alipo ili asipoteze dakika.

Kumbe gemu hili lina kanuni ya mapumziko. Mhusika aliyezimwa akiwa kwenye nyumba ya wageni au ndani ya mji anajiwekea akiba: kila saa 8 za kupumzika ni asilimia 5 ya levo, mpaka kikomo cha levo moja na nusu. Akirudi, kila adui anayemuua analipa mara mbili hadi akiba iishe. Aliyelala porini huihangaikia asilimia 5 ileile kwa saa 32. Wale wa rekodi za dunia hawana habari na jambo hili, kwa sababu hawazimi. Lakini nyumba ya kompyuta moja na zamu za saa mbili, wahusika wake wanashinda wamelala. Nililiona kwenye daftari langu la ujaji: binti alikuwa anacheza saa sawa na kaka yake, na anampita. Kijana alipoelezwa alikataa kuamini kwamba mbinu imetoka kwa Bibi.

Shemeji tumpite haraka. Mpiganaji wake wa kwanza alimvamia Hogger peke yake, yule jambazi mwenye uso wa fisi wa msitu wa Elwynn ambaye huendewa na watu watano. Mpiganaji wake wa pili alijifunza adabu, akatafuta makundi, akapokelewa kwa heshima, ila akawa anakula mkate kila baada ya ugomvi mpaka Bibi akauliza kama yule ni askari au mgeni wa harusi.

Msiba ulitokea Jumatano, mida ya magharibi.

Kijana alikuwa levo ya 17. Alikuwa ameshapanda treni ya chini ya ardhi ya Ironforge kwenda kwa binadamu, akashuka hadi pwani ya Westfall, ambako wanaishi murloc, samaki wenye miguu wanaobwabwaja maneno. Hutembea kwa makundi. Ukimgusa mmoja umewagusa na binamu zake. Kila mwenye akili hukaa nao mbali. Mwanangu aliwaona akamkumbuka Jokerd. Mvua ya barafu hakuwa nayo, lakini alikuwa na ule mlipuko wa levo ya 14 unaopiga wote waliokuzunguka, akaona inatosha. Akakusanya saba. Akawagandisha miguu. Mama Watoto akachomeka pasi.

Luku ilikuwa imeshaanza kulia tangu mchana, na zamu ya kununua uniti ilikuwa ya Shemeji. Alikuwa ameshalipia, tokeni ilikuwa kwenye simu yake, na yeye yupo nje mbele ya mita akiingiza tarakimu 20, amefika ya 14. Nyumba ikawa giza. Router ikazimika. Na seva, iliyoko Ulaya, haikujua habari za pasi; ilijua tu kwamba kule ufukweni pana mchawi amesimama wima, hajitetei, na miguu ya samaki saba imeyeyuka.

Umeme uliporudi, kijana alisubiri kompyuta iwake, akaingia, akakuta kivuli. Akatoka mbio hadi uani akiwa ameshika kichwa.

"Amekufa! Mama, amekufa!"

Sauti ya kijana wa miaka 17 inafika mbali saa za magharibi. Na mtaa mzima ulijua kwamba mama yangu yupo kwetu na kwamba anaumwa.

Wa kwanza kuingia ni jirani wa mkono wa kulia, kanga kichwani, machozi tayari. Nyuma yake wakaja wawili na mkeka. Muuza genge akaja na kilo mbili za sukari. Mimi nilikuwa bafuni; natoka nakuta mjumbe wa mtaa amekaa kwenye kiti changu, kofia mkononi, ananiambia, "Mzee mwenzangu, kazi ya Mungu haina makosa. Mazishi ni kesho baada ya adhuhuri, au tunasubiri ndugu wa Tanga?"

Wakati ule marehemu alikuwa chumbani anasali. Alitoa salamu, akatoka na msala begani, akakuta sebule imejaa, akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Kuna nini? Nani amekufa?"

Jirani wa mkono wa kulia akapiga yowe lisilohusiana tena na huzuni.

Ilibidi nieleze. Nilianza vibaya, nikasema ni mchezo, wakanuna, maana mtu haigizi kifo. Mjumbe akataka kumsikia kijana mwenyewe. Kijana, macho mekundu kweli kweli, akasimama mbele ya wazee.

"Aliyekufa ni nani, mwanangu?"

"Ni mtu wangu. Nimemlea wiki tatu."

"Pole. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mchawi."

Mkeka ukaanza kukunjwa. Mjumbe akavaa kofia. Mama yangu, aliyekuwa ameshaelewa mambo yote na anaona raha, ndiye aliyeokoa jahazi: akawakalisha, akaagiza chai kwa ile sukari ya rambirambi, akawaonyesha Kibonge. Walikaa hadi saa tatu. Muuza genge alitaka kujua kama wale murloc wanaliwa. Kijana alianza upya kesho yake na mchawi mwingine, na safari hii alimbandikia Shemeji karatasi juu ya mita.

Kwa wakati huo binti alikuwa levo ya 18, na kila mtu, pamoja na jaji, alimhesabu mshindi. Mara nyingi nilimwona akiitwa katikati ya pambano kufungua geti au kupeleka sahani, anaondoka, na anaporudi dubu ameshamaliza kazi na amekaa. Mchawi angekuwa ameshazikwa. Hilo halimo kwenye orodha za wataalamu, ambazo zote zinapima saa za mtu asiyetumwa dukani.

Ndipo Bibi na mjukuu wakaenda Pangani harusini kwa usiku mbili, na binti, kwa moyo mweupe, akamwachia mjomba wake funguo za mwindaji "amtunze tu."

Shemeji anasema alitaka kusaidia. Alimchukua Kibonge kupigana na wanyama waliomzidi, kwa mtindo wa kipiganaji, yaani mbele kwa mbele. Mnyama wa mwindaji akifa anaamshwa, hata kwenye Hardcore, lakini kila kifo kinamtia kinyongo. Uso ukawa njano. Ukawa mwekundu. Chakula mfukoni kilikuwepo. Shemeji hakuona kwa nini mtu alishwe katikati ya vita. Usiku wa pili dubu akaondoka zake.

Bibi alirudi na ng'onda kwenye kikapu. Hakuvua hata buibui. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo kumtazama mtoto, akaona mama mfupi wa milimani amesimama peke yake. Akageuka polepole kumtafuta Shemeji, ambaye kwa bahati alikuwa ameamua kwenda kununua luku, ingawa uniti zilikuwa nyingi.

Kesi ilisikilizwa usiku ule. Mtuhumiwa alikiri kosa la kutolisha, akakana la makusudi. Mlalamikaji alishapanda Loch Modan kufuga dubu mweusi, mdogo wa levo, mgeni wa tabia; Bibi alimwangalia akasema ni dubu mzuri lakini si wetu. Nilikuwa ndiyo naandaa hukumu, kalamu mkononi, Mama Watoto akatoka jikoni anafuta unga mikononi akauliza kama kwenye daftari langu nimeshamwandika.

Nimwandike nini?

"Nimefika 20 juzi."

Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Alikuwa anakanda unga saa nne, anauacha uumuke, na katika kungoja ndipo anapoingia. Upanga unapakwa baraka, mkono mmoja unabofya, mwingine unageuza donge. Akizidiwa anajiponya. Akizidiwa zaidi, tangu levo ya 10 ana ile dua ya mara moja kwa saa inayomrudishia uhai wote, na aliitumia siku mteja alipompigia simu kuagiza maandazi ya shughuli. Maandazi yakiwa tayari kusukumwa, anamlaza paladini nyumba ya wageni, anazima. Mtandao usiku ule ni mwepesi, hakuna anayepiga pasi, hakuna anayegonga geti. Hakufa hata mara moja. Kazi inayosemwa ni ya polepole ilitangulia kwa levo mbili.

Mwanangu wa kwanza aliomba kuona kwa macho. Akaonyeshwa. Akaomba tuhesabu mashindano yaendelee hadi 40, levo ya kupata kipando, na Mama akakubali bila kufikiri, kwa sababu alikuwa ameshauliza: paladini akifika 40 anapewa farasi wake bure, na wengine wote waliokuwa pale watatafuta dhahabu kama 100. Shemeji alipolielewa hilo alikuwa ameinamia karai, povu mpaka viwikoni.

"Dada, ukifika huko si utanikopesha?"

"Sufuria ya maharage ina ukoko," Mama akasema, akasogeza kiti chake mbele ya feni.